Alama Zangu za Mkopo na Nyumba ya Mama

Nyumba ya geti la kijani,
Mtaa uleule unaoujua.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, umevua viatu, na chai iko karibu, kwa sababu ni ndefu, na najua wewe ukisoma kitu kirefu umesimama unaruka mistari. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukiinua maboksi pale ghalani unausikia unalia kama bawaba. Ulikwenda kwa daktari, au bado unajichua mwenyewe na kujidanganya kwamba ni uchovu? Na baridi ya huko je, umepata koti la maana?

Sisi tu wazima. Presha ya Mama imetulia tangu wabadilishe vidonge. Macho ndiyo hayarudi. Daktari alituita pembeni akasema tusiendelee kumpa matumaini. Anachoona sasa ni mwanga wa dirisha tu, na huo nao siku nyingine haumfikii. Binti yangu Kasuku anaendelea vizuri darasani ila mdomo ni uleule. Mwalimu amemkalisha peke yake mbele ili akose wa kuongea naye, na sasa nasikia anaongea na ubao. Shemeji yako bado anaendesha basi la shule. Amekonda kidogo.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, simu yangu unaijua, spika yake inasikika hadi kwa jirani, na ukipiga tu Mama yuko begani kwangu ananyoosha mkono. Hatujawahi kuongea mimi na wewe peke yetu tangu uondoke. Leo nataka tuongee.

Habari yenyewe ni ya nyumba. Mwenye nyumba wetu alikuja mwezi Februari, akakaa kwenye lile kochi nililolivalisha kitambaa kipya, akalisifia kwanza, kisha akasema anauza. Mkewe yuko hoi na miguu, watoto wao wanataka wahamie kwao. "Lakini nawauzieni ninyi kwanza," alisema. "Nimewazoea. Na huyu mama sitaki nimsumbue." Bei aliyotaja ilikuwa bei ya mtu mwenye utu. Akatuambia twende benki, yeye angesubiri.

Mama alikuwa amekaa palepale na alisikia yote. Mgeni alipotoka tu aliinuka akaanza kutembea nyumba nzima, kiganja ukutani, kama anavyotembea kila siku. Sijui kama nilikuambia, ukuta wa korido umefanya mstari mweusi unaong'aa pale mkono wake unapopita. Humu ndani haombi mtu amshike mkono. Anajipikia chai, anaanua nguo kambani, anajua ni tofali gani la kibarazani limelegea na analikwepa. Tukimpeleka popote pengine anakuwa mtoto mchanga. Alirudi akakaa, akasema, "Basi nitafia kwangu." Alisema kwa furaha, kaka. Nadhani ndiyo siku ya mwisho nilipomsikia hivyo.

Sisi tulikuwa na akiba ya kuanzia. Shemeji yako hanywi, mimi sina mambo ya vikoba vya kushindana nguo, na kazi ya makochi imekuwa ikija. Tulivaa vizuri tukaenda benki kama watu wanaokwenda kuposa.

Aliyetupokea ni binti mmoja wa kitengo cha mikopo, mpole, ana sauti ndogo. Alichukua vitambulisho akabofya, akabofya, akainua uso.

"Alama zako ziko chini, dada," aliniambia.

"Alama gani?"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mchoro kama nusu ya sahani, mwekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, na mshale wangu ulikuwa umelala kwenye wekundu. Akanieleza kwamba kila mkopaji ana alama zake, na benki zote huziangalia kabla ya kumpa mtu chochote. Ukilipa kwa wakati zinapanda, ukichelewesha zinashuka.

"Mimi sijawahi kukopa zaidi ya cherehani," nilimwambia. "Na cherehani nilimaliza."

"Hukukopa. Ulidhamini."

Ulikuwa ule mkopo wa mashine yako ya barafu, kaka.

Nilijua umekwama. Ulipoondoka uliniambia mashine imeuzwa kwa hasara na kwamba utaendelea kulipa kidogo kidogo ukiwa huko. Nilijua pia kuna miezi ulipitiwa, maana uliniambia "mwezi ujao" mara nyingi na mimi nikakuitikia. Nilichokuwa sijui ni kwamba ulikuwa umeacha kabisa karibu tangu ulipofika. Walikuandikia kwa anwani ya zamani, wakanipigia kwa namba niliyokuwa nayo kabla simu yangu haijaibwa, na walipotukosa sote wawili walinihesabu mimi kama mtu asiyelipa. Binti yule alisema kwa kumbukumbu zao hakuna tofauti kati ya aliyekula pesa na aliyemsimamia.

Shemeji yako akasema, "Basi tuandikieni kwa jina langu peke yangu." Binti akabofya tena. Akamwambia yeye hana alama zozote, si nzuri wala mbaya. Hajawahi kukopa maishani, kwa hiyo mfumo haumjui. Tulipotoka nje alicheka hadi akashika nguzo. "Kumbe miaka yote hii najivunia kutokudaiwa," alisema, "na benki inaniona kama sijazaliwa." Nilicheka naye. Halafu tulipofika kituoni hatukuweza kutazamana.

Siku ile sikukupigia. Nilikaa na simu mkononi nikakumbuka ulivyokuwa unakohoa mara ya mwisho, na ulivyoniambia mnalala watu sita chumba kimoja. Nikaona nitakubana nipate nini? Kumbana mtu asiye na kitu ni kumtia aibu tu.

Binti wa benki alikuwa ametueleza njia ya kufuata. Deni la udhamini lilipwe lote, pamoja na faini. Umeme, maji na simu visicheleweshwe hata siku moja. Nisikope popote kwingine, maana kila ninapoomba mkopo alama zinatikisika. Nikague taarifa zangu zote kama hakuna makosa. Na shemeji yako akope kitu kidogo alipe vizuri, ili naye azaliwe. Tulirudi tumejaa nguvu. Ilionekana ni kazi kama kazi nyingine.

Na kosa kweli lilikuwepo. Duka lililonikopesha cherehani halikupeleka taarifa kwamba nilimaliza. Nilikwenda pale na stakabadhi zangu nikazungushwa kama tiara: meneja yuko likizo, karani ni mgeni, mtandao hakuna. Mwishowe nilibeba kitambaa changu na sindano nikakaa mlangoni mwao nikishona mto wa kochi la mteja, nikawaambia mimi sina haraka. Ilipofika mchana wakasahihisha. Hilo nililishinda, na kwa wiki nzima nilijiona mtu.

Akiba ya nyumba iliingia kwenye deni, yote, na haikutosha. Ndipo shemeji yako alipoanza kuendesha magari ya harusi siku za mwisho wa wiki. Anamaliza basi la shule Ijumaa, anapiga pasi shati jeupe, anaondoka. Jumamosi na Jumapili anabeba maharusi na wapambe wao mpaka ukumbini, anawasubiri, anawarudisha.

Hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Mama macho yamekwenda lakini pua imebaki. Shemeji yako akiingia ndani ananukia marashi ya wapambe, mara waridi, mara udi, kila wiki harufu nyingine. Mwanzo Mama aliguna tu. Kisha akaniita chumbani kwake akafunga mlango.

"Mume wako anakwenda wapi?"

"Anaendesha magari ya harusi, Mama."

"Harusi kila wiki? Watu wote hao wanaoana wanatoka wapi?" Akanipapasa uso kama anavyofanya akitaka kujua kama nimelia. "Mwanangu, mimi sioni, lakini si mjinga. Na mna pesa ya nyumba. Kwa nini ahangaike na harusi?"

 Kumweleza kwa nini tunahitaji pesa ni kumweleza habari zako, na kuna jambo, kaka, ambalo wewe na mimi tunalijua na hatujawahi kulisema. Wakati ule sikutaka kukudhamini. Ni Mama aliyenikalisha jikoni akanishika mikono yote miwili, akasema, "Msimamie kaka yako. Nyie ni wawili tu." Ndiyo nikaenda kusaini.

Nilipomwambia shemeji yako kwamba nataka nimweleze Mama ukweli, alikataa. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua hata uso. "Akijua, ataona amejitoa mwenyewe nyumbani kwake," alisema. "Acha anifikirie mimi vibaya. Mimi ni mkwe, nitavumilia. Mtoto wa kiume hana mwingine."

Nilidhani ni kwa muda. Tukishanunua, yote yangesahaulika.

Mwezi Agosti tulimaliza deni lako. Nilitaka kukupigia nikuambie umekuwa huru, kisha nikaona huenda ukasikia kama nakusuta. Tulikimbilia benki. Binti yule alifurahi kwa dhati, akatushika mikono. Akabofya. Mshale ulikuwa umesogea kidogo tu, umetoka kwenye wekundu na kuingia kwenye rangi ya chungwa, ukakaa.

"Lakini tumelipa lote," nilisema.

"Naona, dada. Ila historia ya kutolipwa haifutiki siku deni linapolipwa. Itafifia polepole mkiendelea hivihivi."

"Polepole ni lini?"

Akatazama mlango wa meneja wake, akatazama meza. "Kama ingekuwa mimi ningewapa leo," alisema. "Lakini si mimi ninayeamua. Ni mfumo."

Shemeji yako aliuliza kama anaweza kuongea na huo mfumo. Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka, na nadhani kwa dakika ile aliamini kuna mtu nyuma ya ukuta anaitwa hivyo, ambaye akielezwa vizuri ataelewa.

Kuanzia hapo kazi yetu ilikuwa kungoja, na kungoja hakuna ufundi wake. Nimezoea kochi lililobonyea: unalifungua, unaona springi iliyokufa, unabadilisha. Hiki nilikuwa nakitazama tu. Nililipa umeme siku bili ilipofika. Nililipa maji kabla ya bili kufika. Shemeji yako alikopa jiko dogo la gesi dukani, akawa anakwenda kulipa mapema mpaka wakamwambia asiwe anakuja kabla ya tarehe, anawachanganyia mahesabu. Tulikuwa watu wema kupita kiasi na hakuna aliyetuona.

Mwenye nyumba alisubiri. Simlaumu hata chembe. Alisubiri mpaka watoto wake wakaacha kumpigia simu wakawa wanakuja wenyewe. Mwishoni mwa Septemba mkewe alianguka bafuni, akahitaji kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku iliyofuata alikuja, hakutaka kuingia. Alisimama kibarazani kofia mkononi.

"Nimeuza," alisema. "Kwa mwenye duka la dawa. Anataka iwe stoo yake."

Nikamwambia nimeelewa. Nilimuuliza habari za mkewe. Alianza kunieleza, akaishia katikati, akavaa kofia akaondoka.

Wiki mbili baadaye nilipata ujumbe wa simu kutoka benki. Alama zangu zimefika kiwango kinachokubalika, wananikaribisha kuomba mkopo wa nyumba. Nilikuwa natoa misumari kwenye fremu ya kiti. Nilisoma, nikaweka simu chini, nikaendelea kutoa misumari. Nilikwenda siku ileile kwa mwenye duka la dawa, nikamwomba atuuzie. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti. Akasema ameshaagiza rafu za chuma.

Sasa nikufikishe Jumatano iliyopita, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Tulikuwa mezani sote wanne. Tulikuwa tumemwambia Mama kwamba benki imekataa, na kwamba tumepata vyumba viwili ghorofani karibu na shule ya Kasuku.  Mama akasukuma sahani yake, akageukia upande shemeji yako alipokaa. Alilenga sawasawa.

"Baba Kasuku," alisema, "nakuuliza mbele ya mkeo na mtoto wako. Pesa ya nyumba ulipeleka wapi?"

Kasuku aliacha kutafuna. Mimi nilifungua mdomo, na shemeji yako akaniwekea mkono juu ya goti, chini ya meza, akabana.

"Nilikosea, Mama," alisema. "Nisamehe."

"Kwa mwanamke?"

 Sidhani kama shemeji yako alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Nilikosea," akarudia.

Mama akatikisa kichwa. "Mimi nakusamehe kwa sababu sina pa kwenda. Lakini kumbuka una binti."

Akainuka, akaenda chumbani kwake.

Tangu siku ile Kasuku haongei na baba yake. Anamjibu, ndiyo, hapana, lakini haongei. Mtoto anayeongea na ubao. Juzi baba yake alimsimulia kituko cha bibi harusi aliyesahau viatu nyumbani, kituko ambacho zamani kingemvunja mbavu, naye akasema "sawa" akachukua begi lake. Nilimfuata shemeji yako nje. Alikuwa anafuta kioo cha basi kilichokuwa safi. Nilimwambia hii imepita kiasi, leo nasema. Akasema, "Ukisema, nitakuwa nimepoteza yote hayo bure." Nikarudi ndani, maana naye ana haki.

Kaka, sikudai. Nataka uelewe hilo kabla ya yote. Deni limelipwa, halirudi, na hata ungenitumia pesa kesho nyumba si yetu. Wala sikuandikii ili ulie huko peke yako na mgongo wako.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta ninachokuomba na sikipati. Nikikuomba umwambie Mama ukweli, utampiga mama kipofu siku anazohama nyumba pekee anayoijua, na utavunja kitu shemeji yako alichokilipia kwa jina lake. Nikikuomba unyamaze, binti yangu atakua akijua baba yake ni mtu wa namna ile. Nimegeuza huku na huku kama kitambaa chenye doa pande zote mbili. Pengine wewe uliye mbali unaona kitu nisichokiona. Wewe ndiye mkubwa.

Ila hili moja sidhani litamuumiza mtu. Mwandikie shemeji yako. Si mimi, yeye. Ujumbe kwenye simu yake unatosha, namba ni ileile. Hujui uzito wa kubeba jambo ambalo mke wako pekee ndiye anayejua kwamba si lako. Mwambie tu kwamba na wewe unajua.

Tunahama Jumamosi. Mwenye kibanda cha matunda ametuazima mkokoteni. Mama nitampeleka mapema kabla ya vyombo, nimzungushe vile vyumba aguse kuta zikiwa tupu. Kuna ngazi nyingi na hazina pa kushika. Fundi wa kuchomelea amesema atatuwekea chuma akipata nafasi.

Kasuku anakusalimu, anauliza kama huko theluji inaliwa. Shemeji yako anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia alisema nikuulize habari za mgongo, hakusema kingine. Jirani fundi saa naye anakusalimu, anasema saa yako ya mkono bado iko kwake na haijapona.

Mama nimemweleza kwamba nakuandikia barua, akasogeza kiti akataka aweke maneno yake mwenyewe. Nimeyaandika kama alivyoyatamka: "Mwanangu, usihangaike kututumia chochote, najua na wewe una mzigo wako. Jitunze. Kila siku namwambia dada yako, angepata mume mwenye moyo kama wako, leo nisingehama."

Aliniuliza kama nimeandika yote. Nikamwambia yote. Shemeji yako alikuwa mlangoni, ameshika maboksi.

Mungu akulinde huko uliko, kaka yangu, na aturudishe sote mahali pamoja tukiwa bado tunaweza kutazamana usoni.

Ni mimi dada yako, na bado nakupenda.